Usimpeleke kama wakili: mwaka wangu Iowa, na Mmarekani aliyekuja kwetu Muscat

Dada uliyeleta mada, nimelisoma swali lako mara mbili. Umesema binti wa kaka yako, aliyezaliwa na kukulia Muscat, mji mkuu wa Oman, amepata nafasi ya kwenda Marekani mwaka mmoja, akae na familia ya huko na asome sekondari. Ami zake wanasema Wamarekani wanawachukia Waarabu na mtoto atakwenda kudhalilika. Wewe unataka aende, na unaomba tukuandikie majibu ya kumpa: akiulizwa ugaidi ajibu nini, akiulizwa ushungi ajibu nini, akiulizwa ngamia na mafuta ajibu nini.

Majibu hayo mimi niliwahi kuwa nayo. Nilisafiri nayo Agosti 2011, nina miaka 16, yamo kwenye daftari la jalada la kijani, kwa Kiingereza kilichosahihishwa na mwalimu wangu. Nitakusimulia yalivyonifaa na yalivyonikwamisha.

Kwanza ujue anayekuandikia. Mimi ni Muomani wa hawa tunaoitwa Wazanzibari. Bibi yangu aliondoka Unguja baada ya mapinduzi ya 1964, akaingia Muscat mwanzoni mwa miaka ya sabini, Sultan Qaboos alipowaita Waomani waliokuwa nje warudi kwao. Nyumbani kwetu ni Kiswahili, shuleni Kiarabu, na rangi yangu ni ya maji ya kunde. Nilipata nafasi kupitia mpango wa YES, ambao Marekani iliuanzisha mwaka 2002, baada ya yale ya 11 Septemba 2001, kuwachukua vijana wa sekondari kutoka nchi zenye Waislamu wengi. Kenya na Tanzania nazo zimo, kwa hiyo huenda humu ndani wapo waliopita njia hiyo. Familia zinazokupokea hazilipwi hata senti. Hilo waambie ami zake. Mtu anayekuchukia hakupi chumba na chakula kwa miezi kumi bure.

Dhana ya kwanza iliyonichoma haikutoka kwa Mmarekani. Tulikusanywa Washington siku chache kabla ya kugawanywa majimboni, vijana wa nchi mbalimbali za Kiarabu, na kijana mmoja akanitazama tangu kichwani hadi miguuni, akaniuliza kwa Kiarabu: “Wewe Muomani kweli? Mbona mweusi?” Daftari langu halikuwa na jibu la hilo. Nilikuwa nimejiandaa kumtetea Mwarabu mbele ya Mmarekani, nikakuta lazima kwanza nithibitishe Uarabu wangu mbele ya Mwarabu.

Na mimi nikafanya lilelile. Wiki ya pili shuleni, msichana Mmarekani mweusi, mmoja wa wachache sana pale, alikuja mezani kwangu wakati wa chakula akaniambia kwa furaha, “Hatimaye, mweusi mwenzangu!” Nikajibu haraka, “Hapana, mimi Mwarabu.” Nilisema kama mtu anayejikung'uta vumbi. Niliuona uso wake ulivyojifunga. Akachukua sinia lake akaondoka. Ilinichukua mpaka Novemba kumfuata na kumwambia kwamba bibi yake bibi yangu ni Mnyamwezi, kwamba kwetu jambo hilo husemwa kwa sauti ya chini, na kwamba nilimkosea. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Nilidhani nitangoja mwaka mzima unieleze.” Tukawa marafiki, lakini si kwa siku ile.

Sasa Iowa. Kama hujawahi kulisikia jimbo hilo, ni mahindi mpaka macho yanachoka, na ndilo linaloongoza Marekani nzima kwa kufuga nguruwe. Mji niliokaa ulikuwa mdogo, karibu na Cedar Rapids. Cedar Rapids penyewe pana kiwanda kikubwa cha Quaker Oats, na upepo ukigeuka mji wote unanukia uji. Nilifika Ramadhani iko katikati. Nilikuwa nimeazimia kufunga kimyakimya, nisimsumbue mtu, maana kwenye daftari niliandika kwamba nisionekane mwenye siasa kali.

Mama mwenyeji wangu alikuwa amekwisha kubandika karatasi kwenye mlango wa friji. Alikuwa amezichapa saa za kuchwa kwa jua Cedar Rapids, siku baada ya siku mpaka mwisho wa mwezi, na kila siku iliyopita ameipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Mwezi wa nane jua la kule linazama karibu na saa mbili usiku. Watu wale wamezoea kula chakula cha jioni saa kumi na mbili. Jioni ya kwanza nikawakuta wote wanne wamekaa mezani, sahani tupu mbele yao, wananingoja. Kitinda mimba wao alikuwa na miaka tisa, anaangalia saa ya ukutani na anahesabu dakika kwa sauti. Kwenye jiko palikuwa na kikaango kipya, kimefungwa utepe wa kijani kwenye mpini. Mama akasema: “Hiki ni chako. Nguruwe hajawahi kukigusa wala hatakigusa.”

Nilifuturu kwa maji ya bomba na tende nilizotoka nazo Muscat, na machozi yalinitoka. Hakuna aliyeniuliza ninalia nini.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yule mama hakuwajua wahenga wetu, lakini siku ya tatu alinipa zamu ya vyombo, Jumatatu na Alhamisi, jina langu likaandikwa kwenye orodha chini ya majina ya wanawe. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimepokelewa.

Maswali yalikuja, tena mengi. Mnaishi kwenye mahema? Ngamia mnawaegesha wapi? Baba yako ana visima vingapi vya mafuta? Wanawake wa kwenu wanaruhusiwa kuendesha gari? Hilo la gari walichanganya Oman na Saudia, ambako marufuku iliondolewa Juni 2018. Mama yangu anaendesha tangu sijazaliwa. Ushungi ndio uliulizwa zaidi: nani anakulazimisha, unalala nao, una nywele chini yake?

Mwanzoni nilijibu kiwakili. Mwalimu mmoja alinipa kipindi kizima nizungumze juu ya nchi yangu, nikaandaa slaidi arobaini. Misikiti, ngome, barabara nzuri, chuo kikuu, wanawake mawaziri. Kila picha ilikuwa safi na kila neno la kweli. Wakapiga makofi. Kengele ikalia, wakatoka, na hakuna hata mmoja aliyenijia. Nilibaki nazungusha waya wa projekta nikidhani ni ubaguzi. Leo naelewa kwamba sikuwaachia nafasi ya kuingia. Nilikuwa nimewajengea ukuta wa marumaru.

Mlango ulifunguka siku niliyoishiwa majibu. Ilikuwa Ijumaa, 9 Septemba 2011. Jumapili yake ingetimia miaka kumi tangu minara ya New York ianguke. Mwalimu wa historia alionyesha filamu fupi, kisha akawasha taa. Darasa zima lilikuwa linajizuia kunitazama, na hilo ni baya kuliko kutazamwa. Mvulana mmoja wa nyuma, mkubwa wa mwili, mcheza mpira wa Kimarekani, akasema bila ukali, “Naomba kuuliza. Kwenu walisherehekea?”

Mwalimu akataka kumzuia. Nikasema aache. Jibu namba moja la daftari nililijua kwa moyo, kwamba Uislamu ni dini ya amani na wale si wawakilishi wetu. Nikaanza, sauti ikakauka. Nikaliacha. Nikamwambia: Mimi nilikuwa na miaka sita, sikumbuki vizuri. Ila nitakueleza ya kwetu. Tarehe 7 Agosti 1998, miaka mitatu kabla ya New York, watu walewale walilipua balozi zenu mbili siku moja, Nairobi na Dar es Salaam. Walikufa watu 224. Wamarekani walikuwa 12. Waliobaki karibu wote walikuwa Waafrika, makarani, wapita njia, watu waliokuwa ndani ya mabasi, na Waislamu wengi wakiwemo. Mjomba wangu alikuwa kwenye daladala Dar es Salaam asubuhi ile, kioo kikapasuka kikamkata shingoni. Kovu lile nilikuwa nalishika kwa kidole nikiwa mtoto na kumuuliza nani amekuchora hapa.

Darasa likanyamaza. Yule mvulana akaniuliza, “Mjomba yuko hai?” Yuko hai, nikamwambia, anauza vipuri vya pikipiki. Akasema, “Hakuna aliyewahi kutuambia.” Na kweli hawakuwa wameambiwa. Walikuwa wameishi miaka kumi wakiamini kwamba upande mmoja wa dunia ulipiga na upande mwingine ulipigwa. Hawakujua kwamba sisi tulikuwa tumekwisha zika wetu.

Tangu siku ile yule kijana akawa anakuja mezani kwangu na swali moja kila siku, na mengine yalikuwa ya kuudhi. Nikaweka sharti: ukiuliza moja, na mimi nauliza moja. Swali langu la kwanza lilikuwa la bunduki, maana mimi niliamini kila Mmarekani anatembea nayo kiunoni kama kwenye sinema. Alinipeleka kwao. Bunduki zipo, tatu, zimefungiwa ndani ya kabati la chuma, funguo anazo baba. Wanawinda paa msimu wa baridi, na friza ya chini ya nyumba imejaa nyama mpaka masika. Mama yake alizaliwa katika familia ya watoto wanane na hawajawahi kupanda ndege. Nikaona watu wa shamba, kama wa Pemba. Wasiwasi wangu juu ya bunduki haukuisha, na yeye nilimwambia hivyo, ila yule Mmarekani wa sinema sikumwona tena.

Sasa nifike kwenye lile ninaloliona zito zaidi, kwa sababu hapa mwenye dhana nilikuwa mimi. Kwetu tunaambiwa Wamarekani wanatupa wazee wao. Baba mwenyeji alikuwa na mama mzee, na mzee huyo hakuwa akiishi nasi, aliishi kwenye makao ya wazee nje kidogo ya mji. Nilipojua, usiku huohuo nikampigia mama kwa Skype nikamwambia, “Ni kweli, mama yake yuko hai naye kamtupa.” Bibi akiwa pembeni akasema, “Astaghfirullah.” Nilijiona nimepata ushahidi.

Oktoba, gari la baba liliharibika, akatumia la mama mwenyeji, na akalazimika kunichukua shuleni kabla ya kupitia kwa mamake. Nikaingia naye. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Bibi kizee yuko kwenye kiti cha magurudumu, mdogo kama mtoto, akili imeshamtoka, hamjui mwanawe. Baba akavua koti, akanawa mikono, akafungua mkoba mdogo aliokuwa nao. Ndani mlikuwa na kitana, mafuta ya mikono na kijiko cha mpira laini. Akamlisha viazi vilivyopondwa, kijiko kimoja kimoja, anangoja ameze, anamfuta mdomo. Ilichukua karibu saa nzima. Kisha akamchana nywele zile nyeupe taratibu, akamsuka msuko mmoja mwembamba begani. Mwanamume yule wa kiwandani, vidole kama ndizi mshale, anamsuka mamake.

Njiani nikamuuliza huwa anakuja mara ngapi. Akasema kila siku. Miaka minne. “Tulikaa naye nyumbani mpaka alipoanza kutoka usiku wakati wa theluji. Mara ya pili tulimkuta miguu mitupu.”

Sikumpigia mama usiku ule. Nilikaa siku tatu kabla ya kumwambia bibi kwamba niliyosema hayakuwa kweli, na bibi hakuamini. Akasema, “Wamekulisha nini huko?”

Kuna mambo mengine ya Iowa yatakayokushangaza, kwa sababu tunadhani Mwarabu alifika Marekani jana. Siku ya Iddi baba mwenyeji alinipeleka Cedar Rapids kuswali, na baada ya swala mzee mmoja wa pale akatupeleka kuona msikiti wa zamani. Ni jengo dogo la mbao, jeupe, kwenye mtaa wa nyumba za kawaida. Usipotazama kuba lake dogo utalipita. Ulijengwa 1934 na wahamiaji wa Kilebanoni na Kisyria, na unahesabiwa kuwa ndio mkongwe zaidi Marekani kati ya misikiti iliyojengwa iwe misikiti na bado imesimama. Waislamu walipohamia jengo kubwa miaka ya sabini ukauzwa, ukatumika kwa mengine mpaka ukachakaa, kisha 1990 wakaununua tena na kuutengeneza. Baba mwenyeji alizaliwa na kukulia jirani na mji huo. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema amepita mtaa huu maisha yake yote.

Yeye naye akalipa deni. Masika alinipeleka mji mmoja kaskazini, Elkader, una watu zaidi kidogo ya elfu moja, mto katikati na daraja la mawe. Ulianzishwa 1846, na waanzilishi wake, Wamarekani weupe, waliuita kwa jina la Amir Abdelkader wa Algeria, kwa sababu walisoma habari zake magazetini, jinsi alivyokuwa akipigana na Wafaransa walioivamia nchi yake. Huyo ndiye aliyekuja kuwaokoa maelfu ya Wakristo Damascus mwaka 1860, na Rais Lincoln akamtumia bastola za zawadi. Fikiri, watu wa Iowa wa wakati ule walimwona Mwarabu mwenye kilemba na kumwita shujaa wa uhuru, wakampa mji wao. Dhana ya leo haikuanza na dunia. Imewekwa na watu, miaka ya karibuni.

Na sisi wa pwani tuna yetu, ya zamani zaidi. Bibi alipoletewa habari kwamba nakwenda Marekani alisema, “Merikani ninaijua, ni kitambaa.” Shuka la merikani, lile gumu lisilopaushwa, lililetwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, wakaondoka na pembe, karafuu na sandarusi. Sayyid Said, aliyetawala Oman na Unguja, alitia saini mkataba na Wamarekani mwaka 1833, na mwaka 1840 alituma jahazi lake la Sultana mpaka New York, na mjumbe wake Ahmad bin Naaman ndani yake. Watu wa New York walimiminika bandarini kuwatazama Waarabu, na mchoraji mmoja akamchora Ahmad bin Naaman na kilemba chake. Huyo ni miongoni mwa wajumbe wa mwanzo wa Kiarabu kufika Marekani, na alitumwa na mtawala aliyekuwa amehamishia makao yake Unguja. Mwambie mwanao asome habari hizi, si za kuwahutubia watu, ni za kumtuliza moyo akijihisi yeye ndiye wa kwanza.

Desemba 2013 dada yangu wa Iowa, binti mkubwa wa familia ile, akaja Muscat wiki tatu. Alikuwa chuo kikuu mwaka wa kwanza. Kwao walimpa mtandio mweusi wa kujifunika tangu kwenye ndege. Teksi ya kwanza aliyopanda iliendeshwa na kaka yangu, na alishangaa sana, maana aliamini kila Muomani ni tajiri na kazi zote hufanywa na wageni. Nikamweleza kwamba kwetu udereva wa teksi ni kazi ya Waomani tu, na kwamba kaka alikuwa na deni la gari na watoto watatu.

Ijumaa tukampeleka Nizwa kwenye mnada wa mbuzi. Wanyama wanazungushwa kwenye duara na wanunuzi wamekaa pembeni wanaita bei. Akasimama mbele ya mama mmoja wa Kibedui, amevaa barakoa, ile ya asili ya kwetu, ukingo wa dhahabu. Mama yule alikuwa akibishana na wanaume wawili kwa wakati mmoja, amemshika mbuzi sikio, anamfunua meno, anazitupa bei zao kama anafukuza inzi. Akauza kwa bei yake, akazihesabu pesa mara mbili, akapanda pikapu yake akaondoka, yeye ndiye dereva. Rafiki yangu hakusema neno mpaka tumefika kwenye gari. Kisha akasema, “Mimi nilikuja kumhurumia.”

Nyumbani alikaa na bibi mkekani akajifunza kukuna nazi. Alikalia mbuzi kinyume mara ya kwanza, bibi akamgeuza kwa mabega. Hawakuwa na lugha, walikuwa na nazi.

Sasa sikiliza lililotokea wiki ya pili. Tulikuwa na dada wa kazi kutoka Tanga. Mgeni alimpenda, alikuwa akimfundisha Kiswahili jikoni. Usiku mmoja tumezunguka sinia la pilau, akaniuliza kwa Kiingereza, mbele ya wote, “Kwa nini yeye hali na sisi?” Nikajibu kiwakili: anapenda kula peke yake. Akauliza, “Mlimuuliza?” Nikasema tunamlipa vizuri, nchi nyingine za Ghuba ni mbaya zaidi. Akauliza paspoti yake iko wapi. Ilikuwa kwenye droo ya baba, pamoja na zetu.

Bibi akataka kujua mgeni anasemaje. Nikatafsiri nusu, nikasema anasifu pilau. Bibi akanitazama. “Uso huo si wa kusifu pilau. Sema alivyosema.” Nikasema. Chumba kikawa kimya, shangazi akakasirika, akasema mgeni mtoto anatufundisha adabu ndani ya nyumba yetu, na wao huko walifanya nini na watu weusi? Ni kweli walifanya, na swali lilikuwa la haki vilevile. Bibi akakaa, akasema taratibu, “Nyani haoni kundule.” Akamwita dada jikoni, akamsogezea nafasi kando yake.

Haikuwa rahisi kama ninavyoandika. Dada yule mwanzo alikula kwa aibu, shangazi hakuja nyumbani mwezi mzima, na paspoti baba aliitoa baada ya mabishano ya wiki. Lakini ilitoka. Wote tulijua kwamba si dhana, ni kosa letu halisi. Kwenye daftari langu la kijani hapakuwa na ukurasa wa makosa halisi, na ndiyo maana nakwambia usimpe mtoto orodha. Ukimpa majibu tu atakwenda kulinda boma. Akiulizwa la uongo atajibu vizuri, akiulizwa la kweli atadanganya.

Na usimwahidi kwamba kila mtu atabadilika. Jirani wa nyumba ya tatu hakunijibu salamu hata siku moja kwa miezi kumi. Januari 2017, Marekani ilipowazuia raia wa nchi saba kuingia, Yemen ikiwemo, baba mwenyeji, yule aliyemsuka mamake, alikuwa amempigia kura aliyetia saini amri ile. Akaniandikia, “Wewe humo.” Nikamjibu kwamba msichana wa Yemen niliyelala naye chumba kimoja Washington yumo. Hakujibu kwa muda mrefu. Mpaka leo hatujakubaliana, na mpaka leo tunaandikiana. Nampenda na nadhani alikosea, naye anajua yote mawili.

Kwa hiyo mwanao mpe tende na halua ya kutosha, mpe mapishi mawili ambayo kweli anayaweza, na mfundishe kuuliza. Koti la baridi anunue hukohuko, la Muscat halitamfaa. Wakimwomba azungumze darasani, slaidi tano zinatosha, na moja iwe ya kwao jikoni kama palivyo.

Ami yake anayesema atarudi si yule, ana haki ya kuogopa, maana kweli hatarudi yule. Mimi nilirudi na ushungi wangu uleule na swala zangu zilezile, ila nauliza maswali kwenye sinia, na bibi hilo lilimuudhi kwa muda. Mwaka 2015 nikapata habari kwamba yule bibi kizee wa Iowa amefariki. Nilikuwa nampigia baba mwenyeji simu kumpa pole, bibi akaninyang'anya simu mkononi. Akazungumza naye Kiswahili kitupu, pole ndefu ya Kiunguja, na dua ndani yake, kama anamzungumzia mtu wa mtaani kwake. Upande wa pili yule bwana alikuwa kimya anasikiliza mpaka mwisho. Kisha bibi akanirudishia simu na kuniambia, “Mwambie nimesikia alimlisha mamake kwa mkono wake.”